Nyanya za nyuma ya jiko na ndege wanaotaga kiangazi hiki: wa Arusha na Moshi tukutane hapa

#1 NyumaYaJiko (Moshono, Arusha)

Habari za Januari wakuu.

Kwa sisi tunaokaa chini ya Meru na Kilimanjaro, huu ndio wakati wenyewe. Vuli imeondoka, masika bado, jua limekaa vizuri, na nyanya tulizoatika Septemba zinaiva mtini. Wakati huohuo kwera, chozi na shore wengi bado wana makinda. Nimesoma nyuzi nyingi za nyanya humu na karibu zote ni hesabu za tenga na bei. Sina ugomvi nazo, ila leo naomba tuongelee nyanya ya kula mwenyewe, na tuwaongelee ndege humohumo, kwa sababu kwenye bustani ya nyumbani mambo haya mawili hayatengani. Bustani isiyopuliziwa sumu inakupa nyanya tamu na inakupa ndege, na ndege hao wanalipa pango kwa kula viwavi.

Nianze na utamu. Nyanya ya sokoni lazima ichumwe ingali ngumu, ndiyo kwanza inaanza kugeuka rangi, maana itapangwa kwenye tenga, itapanda Fuso na itatikiswa hadi Dar. Mkulima hana kosa hapo, angechuma iliyoiva ingefika rojo. Lakini utamu wa nyanya si sukari peke yake. Kuna ule ukali wake kidogo, halafu kuna harufu, na harufu ndiyo inayokuja mwisho. Nyanya iliyoivia mtini ukiikata jikoni aliye sebuleni anajua. Mimi ya kwanza huwa naila palepale bustanini ikiwa bado na joto la jua, chumvi kidogo tu. Nyingine nakata na parachichi na kitunguu, naila na chapati ya jana iliyopashwa. Kachumbari ya nyanya hizi haihitaji hata ndimu nyingi.

Na tafadhali, nyanya isiingie kwenye friji. Ikikaa kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 12 hivi harufu yake inapungua sana, na ukiitoa hairudi yote. Iweke kwenye sinia jikoni, upande wa kikonyo ukiangalia chini.

Nimepanda Tengeru 97, pamoja na miche michache ya zile ndogo za cheri kwa ajili ya watoto. Tengeru 97 ni mbegu yetu ya hapahapa, ilitolewa mwaka 1997 na kituo cha utafiti wa mbogamboga cha Tengeru. Ngozi yake ngumu, inakaa muda mrefu baada ya kuchumwa, na si chotara, kwa hiyo unaweza kujitunzia mbegu.

Sasa ndege. Kwenye mti wa mpera ulio pembeni ya tuta kuna jozi ya kwera, wale wa manjano wenye mgongo mweusi ambao hawajengi kwa kundi. Wengi tumezoea kuona viota vya kwera vikining'inia kwa makumi kwenye mgunga mmoja, lakini hawa wa bustanini wanajenga wawili wawili, kwa faragha. Tofauti yao nyingine ni kwamba chakula chao kikubwa ni wadudu. Asubuhi ukikaa kimya unaona mmoja anashuka kwenye nyanya, anapekua chini ya majani, anainuka na kiwavi mdomoni moja kwa moja hadi kwenye kiota. Anarudi tena. Hivyo hivyo mpaka jua linapokuwa kali.

Barazani, kwenye waya wa kuanikia nguo, chozi jike naye ameninginiza chake. Kile kiota ukikitazama kwa karibu unashangaa: majani makavu, nyuzinyuzi na uchafu wa kila aina, vyote vimeshonwa kwa utando wa buibui, na juu ya mlango ameweka kibaraza kidogo cha kuzuia mvua. Anajenga jike peke yake na kuatamia ni yeye peke yake, yai moja au mawili. Watu wanajua chozi anakunywa asali ya maua, ni kweli, lakini makinda yake analisha buibui na wadudu wadogo laini. Kwa hiyo ukipiga dawa ya wadudu bustanini umemnyima chakula hata yule uliyedhani anaishi kwa maua.

Karibuni. Nyanya zenu zinaendaje, na nani ametaga kwenu?

#2 KijanaWaPasua (Moshi)

Uzi mzuri huu, nimeweka kambi.

Mama, mimi niko Moshi mjini na nina shida mbili. Maua yanatoka mengi ila mengi yanadondoka bila kushika tunda. Na yale yaliyoshika yakiiva yanabaki na rangi ya machungwa, mabegani yana umanjano, hayawi mekundu kabisa. Mbolea ya samadi nimeweka. Tatizo nini?

#3 NyumaYaJiko

Kijana, samadi haina kosa, ni joto. Arusha tuko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini mko chini ya mita 1,000. Tofauti hiyo nyanya inaihisi. Usiku ukiwa wa joto ua la nyanya halishiki vizuri, linadondoka. Na ile rangi nyekundu hutengenezwa vizuri kwenye nyuzi 20 na kitu. Joto likipita 30 kazi hiyo inasimama na unabaki na manjano. Ndiyo maana nyanya iliyofunikwa na majani yake inaiva nyekundu kuliko iliyoachwa wazi juani.

Kwa hiyo usiyapukutishe majani sana. Ondoa vichipukizi vya kwapani kwa aina ndefu, ila majani yanayofunika vichala yaache. Weka matandazo ya nyasi kavu au majani ya mgomba chini ya mche udongo ubaki baridi. Mwagilia asubuhi kwenye shina, majani yasilowe. Na ukiweza mwakani atika mapema zaidi ili maua yatoke kabla ya kiangazi kukolea, au lenga baridi ya Juni na Julai, kwenu Moshi huo ni msimu mzuri sana wa nyanya.

Kitu kingine kidogo: maua yakichanua, asubuhi saa tatu au saa nne tikisa mche taratibu. Ua la nyanya linajichavusha lenyewe, linahitaji mtikisiko tu ili chavua ishuke. Upepo unafanya kazi hiyo, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao wanaifanya vizuri zaidi, maana wanaling'ang'ania ua na kulitetemesha.

#4 TengaKumi (Ngarenanyuki)

Naheshimu uzi wako mama, lakini mimi naishi kwa nyanya na lazima niseme upande wetu. Huku Ngarenanyuki ukisema husogezi bomba la dawa, msimu mmoja tu umefilisika. Kantangaze alionekana kwa mara ya kwanza Tanzania mwaka 2014, tena huku kwetu Arumeru, na watu waliona mashamba mazima yanakuwa kama yameunguzwa na moto. Yule mdudu anaingia ndani ya jani, anakula katikati, dawa ya kugusa haimfikii. Akimaliza majani anatoboa tunda. Ukija ukungu wa bakajani wakati wa mvua nao ni siku chache tu shamba limekwisha. Ndege kwenye ekari mbili watakusaidia nini? Msiwakatishe watu tamaa na msiwafanye walaji waone wakulima ni watu wabaya.

#5 NyumaYaJiko

Kaka TengaKumi, asante kwa kuja, na hoja yako naikubali kwa shamba. Ekari mbili za zao moja ni karamu kwa mdudu, na ndege hawawezi kuimaliza karamu hiyo. Wewe una ada za shule ndani ya lile shamba. Sijaandika hata neno moja la kumlaumu mkulima na sitaandika.

Ninachosema ni kwamba mtu mwenye miche kumi na mbili nyuma ya nyumba hana sababu ya kufanya anachofanya mwenye ekari. Miche kumi na mbili unaizungukia yote kabla chai haijachemka. Jani lenye mchoro wa kantangaze unalichuma na kulichoma moto, halitupwi chini wala kwenye mboji. Tunda lililotobolewa hivyo hivyo. Jioni unaweka beseni la maji yenye sabuni chini ya taa, wale nondo, yaani kantangaze waliokomaa na kuota mabawa, wanaanguka humo. Sota anayekata miche usiku unamfukua asubuhi pembeni ya shina aliloliangusha, hajaenda mbali. Unaobaki ni mzigo ambao kwera na kurumbiza wanauweza.

Ukungu ndio sibishani nao. Mvua za masika zikianza mimi sina nyanya ya wazi, naacha tuta lipumzike napanda maharage. Nyanya asili yake ni Amerika Kusini, milima ya Andes, mimea ya jua na udongo unaokauka juu. Kuilazimisha Aprili huku kwetu bila dawa ni kupoteza mbegu.

#6 TengaKumi (Ngarenanyuki)

Hapo tumeelewana mama. Na mimi kwangu nyumbani nina miche yangu ya kula ambayo sipigi kitu. Watoto wanaijua.

#7 DadaUsa (Usa River)

Jamani mbona mnawasifia ndege tu? Kwangu kuzumburu wanakuja kundi zima na ile mikia yao mirefu, wananing'inia kwenye nyanya wanamaliza. Shore naye anadonoa moja anaiacha, anaenda nyingine. Nyanya ishirini zina tundu moja moja! Mume wangu anataka kuweka sumu kwenye mapapai. Nimemkatalia lakini nahitaji jibu la kumpa.

#8 NyumaYaJiko

Mdogo wangu umefanya vizuri kumkatalia, na shemeji mpe salamu. Sumu kwenye papai haichagui. Atakufa kuzumburu, atakufa shore, ataokotwa na paka wa jirani na kuku wa jirani, na mtoto wa mtu naye anapita.

Mwambie hivi. Shore anayedonoa nyanya na kuiacha kiangazi mara nyingi anatafuta maji. Weka sahani pana ya udongo yenye maji ya kina cha kidole, mbali kidogo na nyanya, karibu na kichaka ambacho anaweza kukimbilia. Badilisha maji kila siku, usije ukafuga mbu. Utaona udonoaji unapungua, na utapata burudani ya kuwaona wakioga saa kumi jioni.

Pili, si lazima usubiri nyanya iwe nyekundu kabisa. Ikishaanza kuwa ya waridi karibu nusu, imeshachukua karibu kila kitu ilichokuwa inataka kutoka kwenye mche. Ichume, iweke jikoni kwenye sinia, itaiva na utamu wake utakuwa karibu sawa na ya mtini. Ndege wanavutwa na wekundu, kwa hiyo ile ya waridi bado hawajaipigia hesabu. Zile unazotaka ziivie mtini kabisa, chagua vichala vichache uvifunike.

Kuhusu kufunika: chandarua kilichochakaa kinafaa, ila kivutwe kikaze na kifungwe chini. Kikilegea ndege anaingiza mguu au bawa, ananaswa, na jua linamuua kabla hujarudi kazini. Hili nalisisitiza sana. Kila asubuhi na jioni pitia ukague.

Na kuzumburu nao waachie kitu. Mimi nina mche mmoja wa cheri uliojiotea karibu na ua, ule ni wao.

#9 MekuWaKibosho

Nawasalimu wote. Mimi ni mzee, nakaa kihambani, naandikiwa na mjukuu.

Hiyo ya mche kujiotea ni ndege wanaopanda. Mbegu ya nyanya ikipita tumboni mwa shore haifi. Zamani hatukununua mbegu za nyanya ndogo, tulizikuta chini ya miti ambayo ndege wanalala, kwenye migomba na kahawa, zikizaa zenyewe. Mke wangu alikuwa anazitia kwenye kiburu, ndizi zetu zilizopikwa na maharage. Ni chachu kidogo, lakini mchuzi wake nasema mpaka leo sijaona nyanya ya dukani inayoufikia.

Nataka kuwaambia jambo la ua. Vijana mnaita watu wa kupunguza ua wa michongoma wakati wowote mnaotaka nyumba ionekane safi. Shore na kurumbiza wanaweka viota humo humo ndani ya ua, kimo cha kifua cha mtu. Ndege wengi wa huku hutaga mvua zinapokuja na muda baada yake, kwa sababu ndipo kuna wadudu wa kulisha watoto. Basi kata ua wako Agosti au mwanzoni mwa Septemba, wakati wa ukavu, au mwishoni mwa Februari kabla ya masika. Na hata wakati huo, kabla ya kupitisha panga, inama uangalie ndani kwanza. Ukikuta kiota chenye mayai acha kipande hicho. Shore huatamia kama wiki mbili, na makinda yanakaa kiotani kama wiki mbili nyingine. Mwezi mmoja ua wako ukiwa na kipande kirefu hakuna atakayekucheka.

#10 NyumaYaJiko

Shikamoo meku. Asante sana, na mjukuu naye ashukuriwe kwa kuandika. Hili la ua naomba wasimamizi walipandishe juu ya uzi, kila mwenye nyumba asome.

#11 MpangajiSakina (Arusha)

Naomba msaada wa haraka. Kuna kinda limeanguka uani, lina manyoya ila mkia mfupi sana, linarukaruka na kulia. Jirani ananiambia nisiliguse maana mama yake akinusa mkono wa mtu atalikataa. Nilipe maziwa?

#12 NyumaYaJiko

Usilipe maziwa wala mkate! Ndege hanyonyi, maziwa yatamharibu tumbo.

Kama lina manyoya na linarukaruka basi halijaanguka kwa bahati mbaya, limetoka kiotani kujifunza kuruka. Wazazi wako karibu wanalisikia, wanaogopa kushuka kwa sababu wewe umesimama hapo. Lishike taratibu, liweke kwenye tawi la kichaka kilicho karibu, paka asifike, kisha ondoka. Fungia mbwa ndani saa mbili tatu. Jambo la harufu ya mkono lisikutishe, ndege wengi hawamkatai mtoto kwa kuguswa. Kinachowaharibia ni mtu kwenda kuchungulia kiota kila mara, maana kunguru anakutazama unapokwenda, na paka anafuata njia uliyopita.

Ukikuta kinda lisilo na manyoya kabisa, hilo ndilo limeanguka. Litafutie kiota chake ulirudishe.

#13 MpangajiSakina (Arusha)

Mrejesho: nimeliweka kwenye kichaka cha bougainvillea. Ndege mkubwa mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia amekuja na mdudu mdomoni. Nimeshuhudia kwa macho yangu dirishani.

#14 NyumaYaJiko

Huyo ni shore. Hongera, umefanya kazi nzuri leo.

#15 MatetePembeni (Moshi, tambarare za chini)

Kwa kuwa tunaongelea kwera, wa Moshi tusisahau wetu. Huku chini kwenye matete na mifereji kuna kwera wa Taveta, dume ana manjano ya kung'aa na rangi ya kahawia kifuani na nyuma ya kichwa. Duniani kote anapatikana kusini-mashariki mwa Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania tu, yaani kuzunguka mlima wetu. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona, na sisi tunachoma matete ili tupate nafasi ya bustani. Kama una bustani karibu na mfereji, acha mstari wa matete usimame. Mimi nimeacha wangu na nyanya hazijapungua.

#16 KijanaWaPasua (Moshi)

Sikujua kabisa. Kesho naenda kutazama.

Mama, swali la mwisho. Nyanya zangu chache zimeoza kitako, pale chini panakuwa peusi na pamebonyea. Ni ugonjwa? Na mbegu za Tengeru 97 nazitunzaje?

#17 NyumaYaJiko

Kuoza kitako si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa chokaa wakati linakua, na mara nyingi chokaa imo udongoni ila haifiki kwa sababu maji yanakuja kwa kushtukiza: siku tatu kavu, siku ya nne ndoo nzima. Mwagilia kwa mpango, kiasi kilekile, na yale matandazo yatakusaidia. Zilizooza chuma utupe, zinazofuata zitakuwa salama.

Mbegu: chagua mche uliozaa vizuri kuliko yote na haukuugua, uuwekee kitambaa chekundu ili mtu asiuchume. Nyanya zake ziache mpaka zilainike mtini. Zikate, kamua mbegu na ule ute kwenye glasi, ongeza maji kidogo, acha siku mbili au tatu. Itanuka na kufanya utando juu, usiogope, ule ute unaozuia kuota ndio unaoyeyuka. Osha kwenye chujio, mbegu nzuri zinazama na mbovu zinaelea. Anika kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi maana zitagandia. Zikikauka kabisa weka kwenye bahasha, andika aina na mwaka, tunza pakavu. Zitaota vizuri hata baada ya miaka mitatu au minne. Kwa zile chotara za F1 usihangaike, watoto hawatafanana na mama.

Za kwangu zitakuwa tayari kabla ya masika. Aliye Arusha na anataka, aniandikie pembeni, tutakutana sokoni Tengeru Jumamosi. Bei hakuna, ila nitauliza kama una paka na anafungiwa wapi wakati kuna makinda.